Mume Wangu Anataka Kuhama

Mume wangu alipotangaza wakati wa chakula cha jioni kwamba amechoka na anahama, mama mkwe aliacha kutafuna muthokoi akanitazama mimi. Ilibidi mwenye maneno afafanue upesi: anahama kampuni ya dishi, si nyumba. Mama mkwe akarudia sahani yake, lakini nilimwona amekuwa na wasiwasi kuliko mwanzo. Mwana akiondoka hurudi. Tamthilia ya saa moja jioni ikimpita, nani atamsimulia?

Kilichomchosha baba watoto ni bei. Kifurushi tulichoanza nacho kilikuwa na mpira wote. Baadaye ligi moja ikapandishwa kifurushi cha juu, kisha nyingine ikaifuata, sisi tukabaki chini na mapishi ya nchi za mbali. Mechi anayoitaka sasa huitazamia kwenye hoteli ya kando ya barabara, katikati ya madereva wa malori, na huko hakai bure, lazima aagize kitu. Nikijumlisha, na nyumbani kwetu mwenye kujumlisha ni mimi, naona kinachotufilisi si dishi. Ni mbuzi choma.

Halafu kuna intaneti. Sisi wa Salama, Makueni, teknolojia yote hutupita ikielekea kwingine. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano yalianza kupanda kwenda Nairobi kwa uzi wa kioo, na njia ya kupandia ni barabara hii hii yetu. Kutoka hapa, mwendo mfupi wa matatu, pale Malili, Rais Kibaki alizindua ujenzi wa jiji la kidijitali la Konza mnamo Januari 2013. Kwa hiyo nyumba yetu iko kati ya bahari intaneti inakotokea na jiji linalojengwa kuipokea, na mwanangu bado hupanda juu ya tangi la maji kutafuta mtandao ili apate kazi ya shule.

Nilipomwona ajenti wa faiba amekaa stendi chini ya mwavuli wa kampuni, nilimwendea. Akauliza naishi wapi. Nikamwonyesha kwa kidole, paa letu linaonekana. Akasema tuko nje ya eneo, ila majirani wa kutosha wakijiandikisha, nguzo zitaletwa. Wa kutosha ni wangapi?

"Wa kutosha tu, mama."

Nikazunguka nyumba kwa nyumba kama mgombea udiwani. Jirani wa kwanza alitaka kujua kama faiba inaweza kuletwa kwangu peke yangu, yeye apewe nywila tu. Wa pili naye vivyo hivyo, tena aliuliza kama waifai yangu itafika hadi kwenye zizi lake. Jua lilipotua nilikuwa nimeandikisha wateja wengi kabisa wa nywila yangu.

Mume wangu yeye alishughulikia dishi, na hapa inafaa nieleze dishi letu linavyokaa. Setilaiti wanayoitumia wengi hapa imesimama juu ya ikweta, nyuzi 36 mashariki, kilomita kama 36,000 angani. Salama iko karibu nyuzi 37, kusini kidogo ya ikweta. Maana yake setilaiti iko karibu utosini, na dishi letu limelala chali likitazama mbingu. Na chombo kikilala chali Ukambani hakikosi mpangaji. Baba watoto alilifunga kwenye paa la jikoni, lililo chini, ili alifikie kwa urahisi. Kuku naye akaona ni rahisi. Picha ikiganda, mtoto hutumwa nje na fimbo.

Nilipiga simu huduma kwa wateja nikaeleza kwamba tatizo ni kuku. Binti akanyamaza kidogo, nikasikia anaandika, kisha akauliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha tena. Mpaka leo sijui kama alimaanisha king'amuzi.

Mvua nayo ina mambo yake. Matone hudhoofisha mawimbi, wingu zito likija picha inakatika. Ajenti wa kampuni tuliyotaka kuhamia aliapa kwamba yao haikatiki. Ahadi hiyo, Makueni, mwezi wa Agosti, hata mimi naweza kuitoa. Mvua yetu ya kutegemewa ni ya vuli, Novemba na Desemba, na Desemba ndipo Waingereza hucheza mpira bila kupumua. Anga huwa jeupe tukitazama mechi za kawaida, kisha Krismasi ikikaribia na mechi zikirundikana, Mungu anakumbuka mahindi. Nimewahi kumwona mume wangu amesimama mlangoni siku moja baada ya Krismasi, nyuma yake televisheni imeganda, mbele yake shamba linalowa, asijue ashukuru au alalamike.

Mwanangu alipendekeza Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, akaeleza kwamba setilaiti zake huzunguka chini kabisa, kilomita kama 550 tu. Mama mkwe akauliza, ikiwa ziko chini hivyo, mbona bei iko juu? Hoja ikafungwa.

Mama huyu haamini kampuni yoyote, na ana sababu. Februari 2015, wakati wa mvutano wa kuhamia dijitali, Citizen, NTV na KTN zilikuwa gizani kwa karibu wiki tatu. Yeye alivuka kwa redio ya betri, Musyi FM asubuhi hadi usiku. Redio hiyo anayo hadi leo, chini ya kitanda, na hakuna mjukuu anayeruhusiwa kuigusa.

Mwishowe baba watoto aliipigia kampuni yetu kuaga. Walimbembeleza kwa sauti ambayo mimi sijawahi kubembelezwa nayo: mteja wetu wa thamani, usiondoke, pokea kifurushi cha juu mwezi mzima bila malipo. Alirudi sebuleni kifua mbele. Mwezi wenyewe ulikuwa Juni. Ligi zote anazozijua zilikuwa zimefungwa, na ili zawadi isiozee mikononi alikesha akitazama timu ambazo hata majina yao yalimshinda kutamka.

Wiki jana ajenti wa faiba alipiga simu. Nguzo zimefika kwenye kona ya kanisa, anataka malipo ya kwanza kabla ya mwisho wa mwezi. Mama mkwe alikuwa anachambua kunde, akasema mwambie aje Novemba. Nikamweleza taratibu kwamba faiba ni waya, mvua haihusiki.

"Hata yule wa dishi alisema mvua haihusiki," akajibu. "Aje Novemba."