Nani Yuko Chooni?

Wageni wa nyumba moja ya Tabata, Dar es Salaam, walikuwa na adabu kupita kiasi. Kila baada ya muda mfupi ilisikika pale sebuleni sauti ya mtu anayevuta maji chooni, nao waliinamisha macho na kuendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Shangazi wa mwenye nyumba, aliyefika kutoka Kyela, hakuwa na subira hiyo. "Mwanangu," aliuliza, "huyo anayeharisha mmempa dawa gani?"

Hapakuwa na mgonjwa. Palikuwa na tangi la samaki la lita 300, limejaa mbuna, samaki wadogo wa rangi kali kutoka Ziwa Nyasa, lile lile ambalo shangazi alikulia ufukweni mwake. Mbuna ni wagomvi. Dume hulinda kipande chake cha jiwe kana kwamba ana hati ya kiwanja, na wafugaji huwajaza wengi pamoja ili hasira igawanyike, asionewe mmoja. Wakiwa wengi, na kinyesi ni kingi, ndiyo maana chini ya tangi huwekwa jingine dogo, sampu, la kuchujia. Maji ya juu humwagika ukingoni na kuingia kwenye kisanduku cha pembeni, hushuka kwa bomba mpaka ndani ya kabati, hupita kwenye sponji, kisha pampu huyarudisha juu. Mchana kutwa, usiku kucha.

Mwenye nyumba, mhasibu kwa kazi yake, aliishuku pampu kwanza, akaitandikia kipande cha mpira. Kelele palepale. Kabati likafunikwa blanketi, blanketi zuri kuliko la watoto. Mwisho akasokomeza sponji kwenye mdomo wa bomba, na nyumba ikatulia kweli. Kulipokucha sponji ilikuwa imeziba kwa uchafu na maji yalikwishajitafutia njia nyingine, kupitia zulia. Bomba la kutolea maji halizibwi kwa kitu chochote, hata kiwe laini namna gani.

Pampu ilisingiziwa tu. Hata maji yenyewe hayana kosa kubwa. Mpiga kelele ni hewa. Aliyewahi kunyonya petroli kwa mpira anajua: mpira ukijaa, mafuta hupita kimya, ncha ya juu ikigusa hewa, unakoroma. Bomba la mhasibu lilikuwa halijai wala haliko tupu. Maji yaliteremka yakiburuta hewa, ghafla bomba likajaa, likavuta kisanduku kizima kwa mkupuo, likameza hewa, likakata. Kisanduku kikaanza kujaa upya. Hicho ndicho choo alichokisikia shangazi.

Dawa ziko za aina mbili, nazo zinapingana: ama hewa ipewe njia yake, ama ifungiwe nje kabisa.

Ya kwanza inaitwa Durso, kwa jina la Mmarekani Richard Durso. Juu ya bomba huwekwa kiungo cha T, mkono wake wa pembeni hupewa kona inayotazama chini ili maji yaingie kutoka chini ya uso wake, na kifuniko cha juu hutobolewa kitundu cha kupumulia. Fundi bomba wa mtaani alikitoboa kwa msumari uliochomwa jikoni, moshi wa plastiki ukawatoa watu nje. Kitundu kikiwa kidogo mno, choo kinarudi. Kikizidi, bomba linagugumia. Msumari ukabadilishwa, moshi tena. Ncha ya chini nayo isizame sana kwenye sampu; sentimita mbili tatu zinatosha, vinginevyo hewa hukosa pa kutokea na bomba hucheua. Kelele zilipungua, ila shangazi alisema mgonjwa bado anajisikia vibaya.

Ya pili hutumia mabomba mawili. La kwanza hubanwa kwa valvu mpaka lijae maji matupu. La pili, la akiba, mdomo wake huwa juu zaidi na husubiri balaa. Fundi alileta koki ya kuzungusha robo tu, akaisifu kwamba inafunga upesi. Upesi huo ndio ubaya wake, maana hapa kinachotafutwa ni geti valvu, inayobana kidogo kidogo. Alirudi na ya shaba. Shaba ikiyeyuka majini huua konokono, na mhasibu alikuwa nao. Safari nyingine dukani, ikapatikana ya plastiki. Ukiigusa kidogo, unangoja maji ya kisanduku yatafute kimo chake, kisha unaigusa tena. Mhasibu alikesha kifudifudi na tochi. Alfajiri hakuna kilichosikika isipokuwa friji, na mkewe akaanza kulilalamikia friji.

Umeme ulipokatika ikajulikana hesabu moja ilisahauliwa. Pampu ikizima, bomba la kurudishia hunyonya maji kinyumenyume mpaka mdomo wake uguse hewa. La kwao lilizama sentimita tano. Katika tangi la urefu wa sentimita 120 na upana wa 50, hizo ni lita 30, na sampu haikuwa na nafasi ya lita 30. Zulia likaanikwa tena. Sasa bomba hilo lina kitundu karibu na uso wa maji, cha kuingiza hewa mapema, na mhasibu hukisugua kwa mswaki wa zamani kisizibwe na mwani.

Bomba la akiba halina valvu na halitakiwi kuwa nayo. Halikunyamazishwa pia, kwa kuwa ndilo king'ora. Mwezi uliopita lilikoroma saa tisa usiku. "Baba Asha," mkewe alimsukuma begani, "linakuita hilo." Konokono alikuwa amejipachika kwenye mdomo wa bomba la kwanza. Alichokolewa kwa mpini wa mwiko, akarudishwa kwenye mawe yake, na asubuhi bomba likavishwa kichujio cha matundu, kile ambacho kilikuwamo kwenye orodha ya fundi tangu mwanzo na kilikwishalipiwa.