Cheti cha Ukoo

(Loresho, juu ya ukuta wa jumba. DUCHESS, paka wa Maine Coon, anajilamba. CHAPATI, paka wa Kangemi, amevuka Waiyaki Way akifuata harufu ya kuku.)

DUCHESS: Shuka, kijana. Ukuta una wenyewe.

CHAPATI: Samahani madam, napita tu. Mbona kuku hujamgusa?

DUCHESS: Furaha imenishibisha. Mama ananiozesha kwa binamu yangu. Damu yetu haichanganywi ovyo. Cheti kinataja vizazi vitano. Na majibu ya kipimo yamekuja: nina jeni iitwayo MYBPC3!

CHAPATI: Hiyo kila paka anayo, hata mama yako. Hutengeneza protini inayoratibu mkazo wa msuli wa moyo. Yako ina nini zaidi?

DUCHESS: Herufi moja imebadilika. Kwenye protini, nafasi ya 31, alanini imeipisha prolini. Nembo ya ukoo!

CHAPATI: Nembo kweli. Wamarekani waliitangaza mwaka 2005, na karibu theluthi ya Maine Coon hupatikana nayo. Mmerithishana kwa bidii.

DUCHESS: Umesoma wapi wewe?

CHAPATI: Nalala darini kwa madaktari wa mifugo, Kabete. Madam, kwa nembo hiyo ukuta wa moyo hunenepa, chumba cha damu kikabana, mapafu yakajaa maji. Wengine damu huganda moyoni, bonge likashuka hadi njia panda ya mshipa mkuu. Paka anaamka miguu ya nyuma haimsikii.

DUCHESS: (anaacha kujilamba) Lakini nimerithi kwa mzazi mmoja tu!

CHAPATI: Wa hivyo wengi huzeeka salama. Hatari ni kurithi kwa wote wawili. Bwana harusi amepimwa?

DUCHESS: Ana medali mbili.

CHAPATI: Sikuuliza medali.

DUCHESS: Ninyi msio na ukoo mnajiona mmepona?

CHAPATI: Wapi! Hata sisi mioyo hunenepa, ila jeni zetu hazijatafutwa kama zenu. Binadamu nao ni hivyo hivyo. Mwaka 2016 ilibainika Marekani kwamba baadhi ya watu weusi waliambiwa wana jeni ya moyo mnene, kumbe ni herufi za kawaida kabisa kwa weusi. Orodha ya kulinganishia ilijaa Wazungu.

DUCHESS: (kimya, kisha anamsogezea sahani) Una mke?

CHAPATI: Sina. Wala cheti.

DUCHESS: Umepimwa?

CHAPATI: (mdomo umejaa) Kabete wanatoza ngapi?