Namna ya Kuitia Hatiani Mota Isiyo na Kosa

Droni yako imeangukia bati la gereji moja Jules Street, hapa Jeppestown, na mwenye gereji ameirudisha bila matusi. Ukiiwasha, mota tatu zinazunguka. Ya nne inatetemeka, inalia kama mbu, haiendi. Sasa utaalamu wako unahitajika, na utaalamu huanza na hukumu: tangaza kwamba mota imekufa kabla hujagusa hata skrubu moja.

Mtaa huu umeshafanya mazoezi ya kutosha. Mwaka 2008, kisha 2015, kisha 2019, mambo yalipoharibika Johannesburg alisakwa mgeni kwanza, sababu zikaulizwa baadaye. Katika droni mgeni ni mota. Imekaa nje, mwisho wa mkono, kila mtu anaiona.

Wakati wa kujaribu, usiondoe mapanga. Waoga huyaondoa kwanza, ndiyo maana bado wana vidole kumi.

Kuna kipimo kimoja cha kukwepa kabisa, kwa sababu ni cha bure. Wapo watu wanaochomoa betri, wakaizungusha mota kwa kidole, kisha wakazungusha ya jirani yake na kulinganisha. Ikikwaruza, wanaimulika ndani, na Jeppestown mara nyingi hukuta unga wa chuma: gereji na wachomeleaji wako kila kona, na sumaku za mota hazichagui chakula. Unga huo hunasa kwenye utepe wa gundi, kazi imekwisha. Vumbi la vilima vya machimbo ya dhahabu ni kesi nyingine. Hilo kwa sehemu kubwa ni mchanga, sumaku haiutaki, lakini ukiingia kwenye beringi utausikia.

Ikiwa mota ni nzito na inakwenda kwa kushikashika, watu hao hao hufungua risasi ya nyaya zake tatu na kuizungusha tena. Ikilegea, basi haina hatia: transista kwenye kidhibiti mwendo imeungua na kushikana, na kwa kupitia hapo mota ilikuwa inajifunga breki yenyewe. Ikibaki nzito, na beringi ni nzima, koili zake zimeungua zikagusana. Halafu wanagusanisha nyaya mbilimbili huku wakizungusha. Jozi zote tatu zinatakiwa kukaza sawasawa. Wenye jozi isiyokaza wanajua waya umekatika ndani. Hawajatumia hata mita. Aibu iliyoje.

Wewe tumia mita, ile ya bei poa, upime ukinzani wa koili. Ukinzani huo ni sehemu ndogo tu ya omu moja, kwa hiyo mita itakupa namba yoyote inayojisikia kutoa, na utaisoma kama ushahidi. Kile ambacho mita hiyo inakiweza, yaani kulia pale waya unapogusana na mwili wa mota, kiache.

Usihamishe pia mota mbovu kwenda mkono mwingine. Ubovu ukihama nayo, utakuwa umepata jibu. Ukibaki kwenye mkono uleule, itabidi uombe radhi. Hayo yote yanachukua nusu saa, na hukumu yako ilichukua sekunde.

Nunua mota mpya, uifunge kwa skrubu zilezile ndefu. Hapa nakusihi uwe makini, maana ndio moyo wa mwongozo wote. Skrubu iliyozidi urefu unaotakiwa kwa milimita mbili hupenya chini ya mota, ikachuna rangi ya waya wa koili na kuugusanisha na fremu. Mota ya pili itaungua, na ya tatu pia, na muuzaji ataanza kukuita mheshimiwa.

Ukikosa cha kusingizia, shika mwinuko. Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Mombasa, na mapanga lazima yazunguke haraka zaidi ili yabebe uzito uleule. Joto la ziada ni la kweli. Ila asije mtu akakuuliza kwa nini mwinuko umechoma mota moja ukaziacha tatu.

Siku utakapoitengeneza, tafuta pa kuirushia. Kanuni za Afrika Kusini zinamtaka mrukaji wa burudani akae mita 50 mbali na watu na mali za wengine bila ruhusa, na kilomita 10 kutoka kiwanja cha ndege. Rand Airport, kule Germiston, iko kilomita 10 hivi, pungufu au zaidi kutegemea umesimama kona gani. Mita 50 bila mtu hapa Jeppestown sijaziona hata usiku wa manane. Piga picha nzuri, kisha andika tangazo: inauzwa, mota zote nzima.