Kwa Mheshimiwa Uliye Upande wa Pili wa Simu

Mheshimiwa,

Mimi askari wa usalama barabarani, nisimamaye katika barabara kuu itokayo Segera kwenda Chalinze, nimeona ni wajibu wangu kukuletea waraka huu, kwa kuwa mimi na wewe tumezungumza mara nyingi kuliko nilivyozungumza na ndugu zangu wa tumbo moja, na hata hivyo sijabahatika kukujua kwa jina, wala kwa uso, wala kwa ofisi, ila kwa sauti tu, ambayo hunijia kutoka katika simu ya mtu mwingine, simu yenye joto la dashibodi na jasho la shavu la dereva, naye mwenyewe akitabasamu kama aliyekwisha kushinda kesi kabla hakimu hajaketi.

Desturi yetu unaijua. Basi huja, nalo tochi ya kupimia mwendo imekwisha kulinasa katika kilomita 97 kwa saa mahali ambapo kibao kinasema 50, pana watoto wa shule wanaovuka na akina mama walioketi kandoni na machungwa yao. Nami hunyosha mkono, nikalisimamisha, nikawaamkia dereva na abiria wake kwa adabu, nikaomba leseni. Leseni haiji. Huja simu. “Afande, ongea na mkubwa.” Kioo chake kimepasuka pembeni, na juu yake limeandikwa jina ambalo dereva amekuhifadhi nalo, mara “Mzee wa Kazi”, mara “Mkubwa Dodoma”, na siku moja, Mungu ni shahidi yangu, “Shemeji Usimpigie Ovyo”. Nami huipokea, kwa sababu nisipoipokea nitakuwa nimekataa kusema na mtu nisiyemjua, na hiyo, katika kazi yetu, ni hatia isiyoandikwa popote na isiyokuwa na rufaa.

Hapo ndipo huniuliza, kwa upole wa mtu aliyeshiba: “Kijana, unajua unaongea na nani?” Mheshimiwa, sijui. Laiti ningejua! Kisha huniuliza namba yangu, nami hukutajia bila ya kinyongo, kwa maana imebandikwa kifuani pangu ambapo kila mpita njia huisoma. Ila yako, kila nilipothubutu kuiuliza, simu ilikatika kwa hitilafu za mtandao.

Nimeisoma tena Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, kifungu baada ya kifungu, nikitaraji kukuona humo. Nimekuta breki, taa, matairi, ulevi na mwendo, nimekuta mpaka baiskeli, wewe hukutajwa. Naamini walioitunga walighafilika tu, na kwa ihsani yako naleta mapendekezo ya kuziba pengo hilo. Kwanza, Chuo cha Polisi Moshi kianzishe somo la kutambua sauti, ili tuweze kupambanua mkubwa wa kweli na binamu wa dereva anayeigiza kikohozi cha wazee. Pili, tupewe kitambaa cha kufutia simu za watu kabla hazijatuingia sikioni. Tatu, ile amri ya “mwachie aende” iwe na muhuri.

Lakini ombi langu kubwa, nililolitafakari kwa makini nikiwa juani, ni kwamba ianzishwe Leseni ya Undugu. Iwe kadi ya plastiki kama leseni ya udereva, yenye picha mbili, ya dereva kushoto na yako kulia, tupate kulinganisha pua. Idumu miaka 5, na ilipiwe kwa namba ya malipo, ili Hazina nayo ionje katika biashara hii ambayo hata leo haijawahi kutozwa kodi. Iwe na madaraja. Daraja A liwe la damu: watoto, ndugu na wapwa. Daraja B liwe la wakwe na mashemeji, kwa sharti la kuambatisha cheti cha ndoa, na talaka ikitoka kadi irejeshwe ndani ya siku 7. Daraja C, ambalo katika leseni za kawaida ni la magari ya abiria, libaki kwa mabasi, yaani yale ambayo mwenye mali ni wewe ingawa kadi ya gari ina jina la mtu mwingine. Daraja D liwe la mliosoma pamoja, wakiwamo waliofukuzwa shule. Na daraja H, la wanaojifunza, apewe yule ambaye undugu wake nawe ni picha moja ya harusini, yeye akiwa mbele anatabasamu, na wewe ukiwa nyuma kabisa, umeinama juu ya sahani ya pilau.

Mwombaji atahiniwe. Katika nadharia, ataje jina la marehemu bibi yako na mahali shamba lako lilipo. Katika vitendo, akupigie simu mbele ya mtahini, nawe upokee kabla haijaita mara ya tatu na umwite kwa jina lake. Atakayejibiwa “nipo kwenye kikao” arudie mtihani baada ya miezi 3. Na liwepo sharti moja lisilolegezwa: mkeka wa uteuzi utandikwapo usiku na jina lako likakosekana, leseni zote zilizotolewa kwa hisani yako zife papo hapo na mfumo utupe taarifa, kwa sababu ni fedheha kwa askari kupiga saluti kando ya barabara saa 12 asubuhi, kwa sauti ambayo mamlaka yake yalikwisha saa 5 usiku.

Hapo kazi yetu itanyooka. Daraja A atapita kijijini kwa kilomita 120, daraja B kwa 100, na asiye na kadi atashika 50 yake kama sheria inavyosema. Watoto wa shule nao wafundishwe kuisoma kadi hiyo kutoka mbali, ili wajue mapema ni gari lipi halitasimama.

Niwie radhi, Mheshimiwa, ikiwa hapa kalamu imetoka katika adabu. Faini ninayoitaja ni shilingi 30,000. Unaniamshia dola nzima kwa shilingi 30,000! Kijana wa bodaboda wa Kabuku, aliyepakia gunia la mkaa nyuma ya kiti, hana wa kumpigia. Hutoa leseni, hupokea faini, huenda kukopa, hulipa. Yeye ndiye raia pekee aliyebaki katika barabara hii. Nikilishika basi ambalo tairi lake la mbele limekwisha kashata mpaka nyuzi zinachungulia, unaniambia kuwa kesho nitajikuta Kibondo, kana kwamba Kibondo si Tanzania, na kana kwamba watu wake hawastahili askari ila yule aliyeadhibiwa kwa kuifanya kazi yake. Na siku basi litakapopinduka, utafika wewe wa kwanza na msafara wako, utavaa uso wa huzuni mbele ya kamera, na utauliza kwa ukali: “Askari wa usalama barabarani walikuwa wapi?” Tulikuwapo, Mheshimiwa. Tulikuwa tunaongea na wewe.

Najua msomaji mwingine anacheka, akisema kuwa trafiki naye amepata ulimi wa kulalamikia dhuluma. Acheke, ana haki. Wapo miongoni mwetu wapokeao elfu tano iliyokunjwa ndani ya leseni, nao ni aibu yetu, lakini noti ile hushikika, hupigwa picha, hufikishwa mahakamani. Simu yako haiachi hata vumbi. Dereva huirudisha mfukoni, konda hugonga bati mara mbili, abiria ambao roho zao nilikuwa nikizitetea hunisonya kwa kuwachelewesha, na mimi hubaki na mashine ya faini mkononi, nikiwa mwenye sare nyeupe kuliko wote na mwenye amri ndogo kuliko wote.

Basi nisikuchoshe. Nakutakia afya njema, umri mrefu na ukoo mkubwa, maana naona umejaliwa tayari, na kila basi lipitalo linathibitisha. Nipo tayari kuitwa, kuonywa au kuhamishwa, na hiyo Kibondo nimekwisha kuulizia nauli yake. Ila majibu ya waraka huu, tafadhali sana, usiyalete kwa simu ya dereva. Yaandike kwa mkono wako, utaje cheo chako, na chini yake utie sahihi na jina lako kamili.

Wako mtiifu, kwa namba iliyo kifuani,

Askari wa Usalama Barabarani