Mizani na Sinia la Pilau

Programu za kuhesabu kalori zimebuniwa na watu ambao kila mmoja anakula kwenye sahani yake. Ya kwangu inauliza kwa adabu: umekula nini, vikombe vingapi? Ugali inaujua, lakini inaupima kwa kikombe, chombo ambacho nyumbani kwetu ni cha chai tu. Kitumbua haikijui kabisa. Nilipokiandika ikanipendekezea keki moja ya Marekani iliyopakwa sukari juu hadi chini, nikaona nisije nikabebeshwa dhambi za watu wengine.

Msaada ulipatikana humu humu nchini. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na shule ya afya ya jamii ya Harvard walitoa majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania, na humo chakula chetu kimehesabiwa kwa heshima zote. Tatizo ni kwamba kila kitu kimo kwa gramu 100. Ikabidi ninunue mizani ndogo ya jikoni, na kwa kuwa mchana nakula kwa mama ntilie, nikaenda nayo.

"Kaka, kwani nimewahi kukupunja?"

"Hapana, mama. Napima kwa ajili ya mwili wangu."

"Mwili gani? Lete hiyo sahani."

Akaongeza upawa wa wali, akaumwagia maharage ya nazi, akamalizia na kipande cha samaki ambacho sikukiagiza. "Pima tena, sitaki lawama." Mteja wa meza ya pili akaomba na yake ipimwe. Wa tatu akasema yeye alishahisi siku nyingi kwamba ya kwake huwa pungufu. Mama ntilie akanitazama kwa jicho ambalo halina safu kwenye majedwali ya Muhimbili. Tangu siku hiyo mizani inabaki nyumbani, na wali wake naukadiria kwa macho, kama wanavyofanya watu wote wenye akili.

Mafuta ya kupikia hata kwa macho hayakadiriki. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi, lakini mpishi gani wa kwetu anapima mafuta kwa kijiko? Anamimina mpaka moyo uridhike, na mioyo inatofautiana.

Halafu kuna shughuli. Tulialikwa maulidi Magomeni: sinia la pilau, wanaume wanne, nyama katikati, kachumbari na ndizi mbivu pembeni. Programu inataka kujua nimekula kiasi gani. Nigawe sinia kwa nne? Hiyo ni dhuluma, maana kulia kwangu alikaa mzee aliyekula kwa utaratibu wa mtu aliyekuja kikazi, na kushoto kijana ambaye wali aliuona kama kizuizi cha kufikia nyama. Nikaamua kuhesabu matonge yangu kimyakimya, ila midomo ikawa inanicheza.

"Ustadhi," yule mzee akauliza, "unakula au unaleta uradi?"

Sinia zima likacheka, hesabu ikanipotea, na kwa ajili ya takwimu sahihi ikabidi nianze upya.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimeongezeka kilo moja na nusu. Hapo ndipo watu wengi wanapovunjika moyo na kurudi kwenye chipsi mayai, nami nawaomba wapige hesabu kwanza. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takriban kalori 7,700. Ili ninenepe kilo moja na nusu kwa pilau ya jana, ningepaswa kula kalori zaidi ya 11,000 juu ya zile ninazohitaji kwa siku. Hata yule mzee asingeziweza.

Kilichoongezeka ni maji, sehemu kubwa. Chumvi ya pilau na kachumbari hushikilia maji mwilini. Wanga nao, mwili ukiuweka akiba kwenye misuli na ini, kila gramu huhifadhiwa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Ongeza pilau yenyewe, ambayo asubuhi ile bado ilikuwa safarini. Basi la mikoani likipanda mizani ya Vigwaza hupimwa pamoja na abiria, mabegi yao, vifurushi vyao na maji waliyonunua njiani, na sijasikia mtu akisema basi limenenepa. Kwangu mimi gari na abiria huandikwa namba moja, halafu lawama zote anapewa dereva. Kuna asubuhi ambapo hata ile amri ya makonda, abiria wa nyuma sogeeni mbele, nimeitumia: nasimamia vidole, naegemea kidogo upande wa dirisha. Huwa nasogeza gramu 200 hivi. Zikirudi, nahamisha mizani kigae kingine.

Wazimu huu una wazee wake. Santorio, daktari wa Padua huko Italia, alijitengenezea kiti kilichoning'inizwa kwenye mizani, akawa anakaa humo, anapima chakula, kinywaji na kila kilichomtoka. Kitabu chake cha mwaka 1614 kinaeleza kwamba sehemu kubwa ya tunachokula hutuacha bila kuonekana, kupitia ngozi na pumzi. Ndiyo maana mtu hulala na uzito huu na kuamka na ule bila kufanya lolote la maana.

Kupanda na kushuka kwa siku moja nimekuzoea. Kinachotesa ni mgomo: namba inakaa palepale wiki baada ya wiki na wewe unaendelea kunywa chai bila sukari kama mfungwa. Programu yangu ilishanichorea mstari ulionyooka na kuniahidi kwamba kufikia Idi nitavaa kanzu ya ujana wangu. Mstari huo asili yake ni hesabu ya Max Wishnofsky, daktari wa New York aliyeandika mwaka 1958 kwamba pauni moja ya uzito, karibu nusu kilo, ni sawa na kalori 3,500. Watu wakaichukua hesabu hiyo wakainyoosha mpaka mwisho wa dunia: punguza kalori 500 kila siku, utapungua pauni moja kila wiki, milele. Kwa hesabu hiyo, mtu mvumilivu angefika siku akatoweka kabisa. Mwili mdogo hutumia nguvu kidogo kuliko mkubwa. Chakula kilichokupunguza ulipokuwa na kitambi kamili, kitambi kikiwa nusu kinakutosha. Ndipo namba inapogoma. Siku hizi najipima asubuhi kabla ya chai, na ninachokiamini ni wastani wa wiki. Namba ya siku moja naisikia tu, kama tangazo la msikitini la mtoto aliyepotea mtaa wa mbali.

Katikati ya mgomo huo shangazi alikuja kutoka Tanga.

"Mwanangu, mbona umekongoroka hivi! Kwani hapa hampiki?"

Mke wangu alikuwa jikoni, na masikio yake hayana shida. Usiku zikaletwa chapati za kusukuma, zinang'aa. "Kula, mume wangu," alinong'ona, "nisije nikashtakiwa Tanga." Kuna kalori za njaa na kuna kalori za amani ya ndoa, na hizi za pili huwezi kuziacha sahanini.

Fundi wangu wa nguo naye akanibana suruali vidole viwili kiunoni. Mizani? Palepale. Maji yanaweza kushikilia nafasi kwa muda mafuta yakiwa yameshaondoka, na futi ya fundi haijali maji.

Jioni moja nikampitia kijana anayepimisha watu uzito kando ya stendi. Nikapanda, ikasoma kilo tatu pungufu ya ile ya nyumbani.

"Hiyo ya nyumbani umenunua wapi, kaka?" akauliza kwa huruma. "Za dukani zinazidisha. Wateja wangu wote hapa wanapungua."

Nikamuuliza bei, kama angeniuzia.

"Hii siuzi. Nikiiuza, wale akina mama wa ofisi za ghorofani watanielewa kweli?"