Ukija Nakapanya Kutafuta Ukoo

Waskoti wana raha yao. Mtu wa kule akitaka kujua mababu zake walikotoka, anaingia ofisi ya kumbukumbu mjini Edinburgh, anafunguliwa madaftari ya vizazi, ndoa na vifo ambayo serikali imeyatunza tangu mwaka 1855, na ya nyuma zaidi anayakuta kwenye vitabu vya makanisa. Kama jina lake ni la nadra ndiyo furaha kabisa, maana wenye jina hilo watakuwa wametoka bonde moja au kisiwa kimoja chenye mvua na kondoo. Anachora ramani, anatia vidoti vyekundu, anaitundika sebuleni.

Homa hiyo sasa imetufikia. Nawaona vijana wetu wa Dar es Salaam, Muscat na London wakikata tiketi za basi kwenda kusini na jina moja mkononi, wakisema babu alitoka "Songea, kijiji kinaitwa Nakapanya". Mwongozo huu ni wao. Usomeni kabla ya kushuka garini.

Tahadhari ya kwanza inahusu nauli. Nakapanya haiko Songea. Iko wilaya ya Tunduru, kwenye barabara ya lami itokayo Mangaka na Masasi, na ukishuka stendi ya Songea mjini ukauliza ilipo, utaambiwa umeipita zaidi ya kilomita 300 nyuma yako kama ulipitia Masasi, au bado unazo hizo mbele yako kama ulipitia Njombe. Kosa hili lina historia yake. Kwa mtu wa Dar es Salaam, kila atokaye mkoa wa Ruvuma ni Mngoni, na kila Mngoni ni wa Songea. Babu yako aliwasahihisha mwaka mmoja au miwili, akachoka, akakubali kuwa Mngoni mpaka alipozikwa. Wenyeji wa Nakapanya wengi ni Wayao na Wamakua. Ukimwita mmoja wao Mngoni hatakasirika. Atakukaribisha kiti, atakuletea maji, kisha ataeleza kijiji kizima ni mgeni wa aina gani aliyefika.

Haya, umefika. Tuseme kitambulisho chako cha taifa kinasema Athumani Rashidi Saidi, na kwenye fomu zote ulizojaza maishani, pale palipoandikwa "jina la ukoo", Saidi amekaa kama mwenye nyumba. Basi unatafuta ukoo wa Saidi. Ofisa mtendaji wa kata atakufungulia daftari kwa moyo mweupe, na utawakuta akina Saidi ukurasa kwa ukurasa: Saidi wa korosho, Saidi wa bodaboda, Saidi wawili wa duka la dawa. Vidoti vyekundu vitakuishia mkononi. Na hakuna hata mmoja aliye ndugu yako.

Saidi si ukoo. Saidi ni babu. Alimzaa Rashidi, Rashidi akakuzaa wewe, na babake Saidi mwenyewe aliitwa labda Bakari, ambaye kwenye karatasi zako hayumo tena. Mwanao ukimwandikisha kwa utaratibu uleule ataitwa Juma Athumani Rashidi, na hapo Saidi naye atakuwa ametoka mlangoni. Jina la ukoo la Nakapanya huishi vizazi viwili vitatu, kisha hupisha lingine. Mskoti angelia. Wenyeji hawana shida nalo, kwa sababu hawakuliomba. Fomu ndiyo iliyokuwa na nafasi tatu, na nafasi ikiachwa wazi karani husumbua.

Usidhani walau ndugu wa tumbo moja watalingana. Mkubwa aliandikishwa shule na baba, akawa Saidi. Wa pili alipelekwa na mjomba, ambaye kwa mawazo yake ukoo wa mtoto ulikuwa wa Bakari. Wa tatu aliandikwa na mwalimu aliyekuwa na haraka, na tangu siku hiyo ni Ally, kwa l mbili na y, wakati cheti cha kuzaliwa kinasema Ali. Wakiomba mkopo wa chuo ndipo nchi inapogundua kwamba hawa watatu hawajuani. Hapo wakili anapata riziki: kiapo cha majina, mhuri, picha ndogo nne. Sijui taifa jingine ambalo watu wengi hivi wamekula kiapo kwamba wao ni wao.

Na hayo ni majina ya karatasi tu. Kijijini mtu ana mengine. Mvulana wa Kiyao au wa Kimakua akitoka jandoni hutoka na jina jipya, na lile la utotoni linabaki porini. Kumwita mtu mzima kwa jina lake la kabla ya jando ni tusi, na mgeni anayezunguka na orodha ya majina ya zamani aliyopewa na shangazi yake wa Temeke anaweza kutukana wazee sita kabla ya chai. Ukitaka salama, tanguliza heshima: Che Saidi, Che Rashidi. Hiyo "Che" itakufikisha mbali kuliko kitambulisho chako.

Umakini wa pekee unahitajika ukisikia jina kubwa. David Livingstone alipotoka Mikindani mwaka 1866 na kufuata bonde la Ruvuma, alifika kwa Mataka, mtawala wa Wayao kule Mwembe, upande ambao leo ni Msumbiji. Wasafiri waliomfuata miaka mingi baadaye nao walimkuta Mataka. Si kwamba mzee alikuwa na afya ya ajabu. Mtawala wa Kiyao akifa, mrithi huvaa jina, na pamoja na jina huvaa cheo, wajibu na hata ugomvi wa marehemu. Tena mrithi kwa kawaida si mwana. Ni mpwa, mtoto wa dada. Kwa hiyo atakayechora mti wa ukoo wa Mataka akishusha mstari kutoka baba kwenda mwana atakuwa amechora mti wa watu wengine kabisa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo lenyewe, na namwomba msomaji aweke simu chini kidogo. Kwa Wayao na Wamakua ukoo hupita kwa mama. Wayao huuita lukosyo, Wamakua huuita nihimo, na mtu huzaliwa nao kutoka kwa mama yake, ambaye aliupata kwa mama yake, kurudi nyuma mpaka kumbukumbu inapokoma. Ndio unaosema nani ni ndugu yako, nani huwezi kumwoa, na mjomba gani ana neno la mwisho mambo yakiharibika. Haumo kwenye cheti cha kuzaliwa, wala kitambulisho, wala hati ya kusafiria. Hakuna fomu ya serikali yetu iliyowahi kuuliza. Wewe umesafiri siku mbili na jina la babake babako, unakaa mbele ya wazee, nao wanakuuliza swali moja tu: "Mama yako ni nani?" Ukianza kueleza habari za Saidi watatikisa vichwa kwa huruma. Ni kama mtu aliyekwenda benki na ufunguo wa choo.

Kwa mkaidi anayesisitiza kufuata majina hata hivyo, kuna mto. Ruvuma si mbali, na ng'ambo yake wako Wayao na Wamakua walewale, wajomba na wapwa walewale. Lakini huku karani alikuwa Mwingereza na kule alikuwa Mreno. Yusufu akivuka huwa Issufo. Muhammadi huwa Momade, na Ahmadi huwa Amade. Wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, kuanzia mwaka 1964, maelfu walivuka kuja upande wetu. Wengine walirudi baada ya uhuru wa 1975, wengine walibaki, na kila uvukaji uliacha herufi fulani majini. Tangu mwaka 2010 kuna Daraja la Umoja pale Mtambaswala na watu huvuka kwa gari, lakini majina bado yanavuka kwa shida.

Utaniambia: basi niende Songea kwenyewe, kwa Wangoni, wenye majina ya ukoo yanayoeleweka. Komba, Nyoni, Moyo, Gama, Mbano, Mapunda, Haule, Ngonyani. Kweli, haya yanatoka kwa baba kwenda kwa mwana kama Uskoti, na yanadumu. Ndiyo maana ni hatari zaidi.

Chukua Gama. Mgeni aliyesoma historia kidogo atakumbuka Vasco da Gama, aliyefika Malindi mwaka 1498, ataangalia ramani, ataona Msumbiji ya Mreno iko mlango wa pili, na macho yatamng'aa. Namsihi anyamaze. Gama wa Songea ni nyumba ya kifalme ya Wangoni wa Njelu, na asili yake ni kusini mwa Afrika, kwa Wanguni waliokimbia misukosuko ya zama za Shaka. Kundi lao kubwa, chini ya Zwangendaba, lilivuka Zambezi mwaka 1835. Zwangendaba alifia Ufipa, watu wake wakagawanyika, na baadhi wakashuka hadi nyanda za Songea. Chifu Mputa Gama alinyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906 pamoja na wapiganaji wenzake wa Majimaji, na Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake la kwanza na kuliacha la ukoo, alinyongwa mwaka huohuo. Tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kwenye Makumbusho ya Majimaji. Ukienda pale na nadharia yako ya Mreno, nenda na viatu vya kukimbilia.

Komba nalo ni mtego. Ukiliingiza kwenye mtandao litakupeleka Sierra Leone, ambako Wakono huwapa watoto wa kiume jina hilo kwa zamu ya kuzaliwa. Kapinga wa Wamatengo ukimfuata vibaya utatokea Kasai, kwa akina mama wa Kiluba. Watu hawa hawadaiani hata sahani. Moyo na Nyoni, kinyume chake, utayakuta Zimbabwe na Zambia kwa wingi, na huko undugu upo, kwani jeshi la Wangoni lilikuwa likiokota watu njiani tangu kusini ya Zambezi.

Hilo la kuokota ndilo linaloharibu ramani. Wangoni wachache walifika Songea na mateka wengi, na walipofika wakaongeza Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa na wengineo. Mateka aliyelelewa katika nyumba ya mkubwa aliweza kukua akiwa na jina la nyumba hiyo. Wajukuu wake leo ni wa jina hilo kwa haki zote, wanalijua tambo lake na wanacheza ngoma ya lizombe, na damu yao inaweza kuwa ya kilima cha jirani. Hata lugha ilikwenda hivyohivyo: Kingoni kinachosemwa leo kimebeba zaidi ya waliotekwa kuliko ya waliowateka. Majina ya washindi yalibaki, maneno yakawa ya walioshindwa.

Kisha ukaja mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, na Songea ikawa moja ya ghala zake. Watu walipewa namba, wakaitwa manamba, wakapelekwa Tanga na Morogoro. Wengi hawakurudi. Ndiyo sababu ukipita Muheza au Korogwe utakuta Ngonyani na Nyoni wanaozungumza kama watu wa Tanga na hawajauona mto Ruvuma. Mchora ramani atawaona vidoti vingi hapo na kutangaza kwamba chimbuko la ukoo ni Muheza.

Nisisahau Waskoti, maana nimewaanza mimi. Jina lao lililotembea zaidi huku ni hilohilo la Livingstone. Mwenyewe alizaliwa Blantyre mwaka 1813, babu zake wakitokea kisiwa cha Ulva, na kwa miaka mingi aliliandika bila herufi ya mwisho, kwa hiyo hata wao si wasafi sana kwenye tahajia. Leo lina safu ya milima mashariki ya Ziwa Nyasa, lina mji Zambia, na lina mwanasiasa wa Dodoma, Livingstone Lusinde, ambaye ni Mgogo. Ukiyafuata majina tu, Wagogo wametoka Ulva.

Kwa hiyo, ndugu msafiri, ahirisha tiketi. Kama bibi mzaa mama yako bado yupo, mpigie simu leo jioni, si wiki ijayo. Muulize mama yake aliitwa nani, na mama wa mama yake, na kaka zao walikuwa akina nani, na lukosyo au nihimo yao ni ipi. Andika kila atakachosema, kwa tahajia yoyote. Ukifika Nakapanya na karatasi hiyo utapata ndugu kabla ya jua kuzama, na baadhi yao watakuwa na ada za shule zinazosubiri mjomba kutoka mjini, kwa hiyo beba na fedha.