Namna ya Kuitembeza Simu Kibanjani

Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu ya kutambua mnyauko wa migomba kwa kamera ya simu, ingia kibanjani, kwenye shamba la migomba. Kamachumu, Maruku, popote penye mwenyeji wa kukuvumilia. Mnyauko wa migomba uligunduliwa Uganda mwaka 2001, na kwetu Tanzania ukaanzia Muleba katikati ya miaka ya 2000. Mwombe mwenyeji apasue ndizi ya mgomba unaoumwa: ndani ina kahawia ya kutu. Shina likikatwa linatoa ute wa njano kama usaha. Kamera yako haitayaona hayo. Itaona jani lililolegea, basi, na jani hulegea kwa mengi.

Sasa rudi Bukoba mjini, ukae. TensorFlow.js, maktaba ya JavaScript iliyotoka 2018, hufanya hesabu zake ndani ya kivinjari. Modeli ikishapakuliwa na kuhifadhiwa kwenye simu, picha haisafiri kwenda popote. Kwa mtu anayenunua bando la siku, hiyo ni habari njema.

Utatamani kuchukua MobileNet, modeli iliyokwisha kufundishwa kutambua picha, kama ilivyo. Inajua aina 1,000 za vitu, na ndizi imo, lakini ni ndizi tunda, ile ya kwenye sahani. Mnyauko haijawahi kuusikia. Ichukulie kama mtoto wa mjini aliyekuja likizo: itembeze shambani kwa picha zako mwenyewe, za asubuhi, za jua kali, za mvua, maana Bukoba mvua haiadimiki.

Ndipo uandike fanksheni. Ya kwanza iipunguze picha iwe 224 kwa 224, kisha igeuze namba za rangi, 0 hadi 255, ziwe kati ya -1 na 1. Ukisahau hapo hakuna onyo litakalotokea. Modeli itajibu bila kusita, na jibu litakuwa la ovyo. Siku zangu mbili ziliishia hapo.

Ya pili ni tf.tidy. Izungushie hesabu zako, kwa sababu kumbukumbu ya kichakata picha haijifagii yenyewe. Usipofagia, picha ya kumi, ya ishirini, simu inachemka kama chungu cha matoke, na kivinjari kinajifunga mbele ya mwenye shamba. Fanksheni za async usiziingize humo, inazikataa.

Ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi: predict. Ukiwa umefundisha majibu mawili tu, mzima na mgonjwa, softmax, hatua ya mwisho inayogeuza alama kuwa asilimia, itagawa asilimia 100 yote kati ya hayo mawili hata ukiipiga picha mbuzi. Mbuzi ataambiwa ana mnyauko! Ongeza kundi la tatu, "si mgomba", ulijaze mbuzi, mahindi, kuta na nyuso za watu. Halafu weka kizingiti, na jibu likiwa chini yake simu iandike kwa herufi kubwa: "Sina hakika. Mwite bwana shamba." Usione haya kuliandika hilo. Nyuma ya neno "mgonjwa" kuna mtu ameshika panga, na anachokwenda kukata ni chakula cha nyumba yake.

Na chini ya jibu, bila kuhitaji modeli yoyote, weka mistari miwili ya kuzuia ugonjwa usienee: panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, na ua dume livunjwe kwa mti wenye panda, lisikatwe.